Kusafisha uwanja wa kiwanda cha zamani cha betri: mwongozo kwa kamati ya mtaa

Mzee mmoja aliyewahi kuwa kibarua pale alituzungusha nyuma ya ukuta, akachomeka fimbo yake ardhini. "Hapa ndipo tulipokuwa tukimwaga maji ya betri," akasema. Masika yalikuwa yamekwisha, majani yameota kila upande, ila mahali pale palikuwa na kipara cheupe, upana wake kama mkeka wa kulalia watu wawili. Kiwanda kilifungwa zamani. Mashine zilishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na vijana walikuwa wamesimamisha magoli mawili ya miti. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu.

Mwongozo huu nimewaandikia wakazi wa miji midogo ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kimeondoka na kuacha udongo wake. Udongo huo una madini ya risasi yaliyotoka kwenye betri, na madini hayo ni sumu isiyooza wala kupungua kwa kukaa. Mgodi wa risasi wa Kabwe, Zambia, ulifungwa 1994, na watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye bado wamekutwa na risasi kwenye damu. Basi kungoja hakusaidii. Kukurupuka na majembe nako huharibu zaidi, na nimeliona hilo kwa macho yangu.

Hatua ya kwanza: watoto kabla ya udongo

Sumu hii haimrukii mtu kutoka ardhini. Inamfikia mtoto kwa vumbi: linaingia nyumbani kwa viatu, kwa upepo, kwa manyoya ya mbuzi, linatua sakafuni, mtoto anatambaa, kisha vidole vinaingia mdomoni. Mwili wa mtoto hunyonya risasi zaidi kuliko wa mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama. Mara nyingi huwezi kumtambua kwa kumtazama. Anacheza, anacheka, lakini darasani hashiki. Ikizidi sana huja degedege, na kifo. Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa udongo wa betri uliokuwa ukichekechwa mtaani mwao.

Kwa hiyo kabla hamjaandika barua hata moja, fanyeni haya wiki hii hii. Zungusheni uwanja, hata kwa miti na seng'enge, na mweke kibao kwa lugha inayosomwa na watu wa hapo. Hamisheni mpira. Tafuteni uwanja mwingine kwanza, maana vijana mkiwafukuza bila kuwapa pa kwenda watarudi jioni. Kama kuna njia ya mkato inayopita ndani ya uwanja, izibeni.

Nyumba zilizo karibu ziache kufagia kavu. Fagio kavu hulirusha vumbi juu, likae hewani mpaka mtoto alivute. Pigeni deki kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia tambara, na maji machafu yamwagwe chooni, yasimwagwe bustanini wala karibu na kisima. Pitisheni tambara bichi juu ya fremu za milango, kwenye vizingiti vya madirisha na chini ya vitanda. Viatu vibaki nje. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala.

Paa la mabati husahaulika. Vumbi la miaka hukaa juu yake, mvua ya kwanza ikalisukuma hadi kwenye mfereji na tangi. Maji ya mvua za mwanzo yaacheni yapotee, na tope la chini ya tangi litolewe. Kuchemsha maji hakuondoi risasi hata kidogo. Kunaua vijidudu tu.

Kuku wa kienyeji wanaodonoa kwenye uwanja ule hutaga mayai yenye risasi. Wafungieni. Mchicha, sukuma na mboga nyingine za majani zilizopandwa kando ya ukuta msizile. Viazi na mihogo ya hapo vivyo hivyo, kwa sababu udongo huganda kwenye ganda. Na mtoto asicheze akiwa na njaa: tumbo tupu hunyonya risasi zaidi. Uji wa wimbi, dagaa, maharagwe na chungwa humpa kalisi, madini ya chuma na vitamini C, na mwili ulioshiba vitu hivyo huipokea risasi kwa uchache. Chakula hakimtibu mtoto. Kinampunguzia tu mzigo huku mkiendelea na kazi.

Hatua ya pili: waulizeni waliofanya kazi pale

Ramani nzuri ya kwanza imo vichwani mwa vibarua wa zamani. Waketisheni kwa heshima, mmoja mmoja, maana wengine waliugua na wengine wanaona haya. Betri zilipasuliwa wapi? Maji yake yalimwagwa wapi? Tanuru lilikuwa upande gani, na bomba la moshi lilielekea wapi? Magamba ya plastiki yalichomwa wapi? Yale mabaki magumu meusi yaliyotoka kwenye tanuru yalipelekwa wapi?

Swali hili la mwisho lishikilieni. Mabaki ya tanuru na magamba ya betri hupendwa kwa kujazia mashimo. Mtu amejengea nayo ua, mwingine amesawazishia njia ya gari. Sumu yenu basi haiishii ukutani mwa kiwanda. Huenda imo chini ya veranda ya mtu mitaa mitatu mbali. Waulizeni pia walikuwa wakifulia wapi nguo za kazi, kwa sababu nguo zile zilipeleka vumbi hadi kwenye kitanda cha mtoto.

Andikeni kila jibu na tarehe yake. Karatasi hizi zitahitajika mahakamani.

Hatua ya tatu: pimeni kabla ya kuchimba

Hapa ndipo pesa za kwanza ziende, na nawasihi msibane. Kosa la kupima kidogo hulipwa kwa malori.

Gaweni uwanja na mitaa ya karibu kwa miraba kwenye mchoro. Katika kila mraba chukueni udongo wa juu kutoka sehemu tano, uchanganyeni kwenye ndoo safi, na mjaze mfuko mmoja. Udongo wa juu kabisa, sentimita mbili au tatu, ndio unaoshikwa na mikono ya watoto. Upimwe peke yake, usichanganywe na wa chini. Mahali ambapo vibarua wamepaonyesha, teremkeni: sentimita 15, 30, 60, kila kina na mfuko wake, hadi muujue mwisho wa sumu. Mwiko wa chuma uoshwe na kufutwa kila baada ya mfuko. Mfuko wa kwanza ukiwa mchafu na mwiko usioshwe, wa pili umeshaharibika.

Pimeni pande zote za upepo. Kwetu pwani kusi huvuma sehemu kubwa ya mwaka na kaskazi hushika zamu yake, kwa hiyo moshi wa tanuru ulikwenda kote kuwili. Chukueni pia udongo wa mahali pa mbali pasipohusika, ili mjue udongo wa kwenu ulivyo kwa asili. Ongezeni vumbi la ndani ya nyumba chache, maji ya visima, na ua wa shule.

Kila mfuko uandikwe tarehe, mahali, kina na jina la aliyechukua, na karatasi ya kukabidhiana isainiwe kila unapobadilisha mikono. Bila karatasi hiyo, wakili wa upande wa pili atasema udongo mliutoa kwingine. Katika kila mifuko 10, mmoja ugawanywe mara mbili, upelekwe kwa majina tofauti. Majibu yakiachana sana, maabara hiyo ina shida.

Iambieni maabara ichekeche udongo kwa chekecheo laini, kwa sababu punje ndogo ndizo zinazoganda vidoleni, na itoe majibu kwa miligramu kwa kilo. Ombeni wapime na arseniki na kadimiamu, sumu nyingine mbili za udongoni. Vipo vifaa vya eksirei vya kushika mkononi vinavyosoma risasi papo hapo kwa sekunde chache. Mkiweza kukodi kimoja pamoja na mtaalamu wake kwa siku mbili, mtapima mamia ya sehemu, kisha mpeleke maabara chache tu za kuthibitisha.

Majibu mtayalinganisha na nini? Januari 2024 Shirika la Mazingira la Marekani lilishusha kiwango chake cha udongo wa makazi kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200. Mimi ningeshika hicho cha 200 kwa nyumba, shule na viwanja vya kuchezea.

Damu ipimwe sambamba. Anzeni na watoto wa chini ya miaka sita na akina mama wajawazito. Kipimo cha kuchoma kidole hudanganya iwapo kidole kina vumbi, kwa hiyo kikionyesha juu, kirudiwe kwa damu ya mshipa. Kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto mwenye 45 au zaidi anahitaji dawa ya kuitoa risasi mwilini, chini ya daktari. Lakini dawa bila nyumba safi ni kazi bure. Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, ambako zaidi ya watoto 400 walikufa 2010 kwa vumbi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani, Madaktari Wasio na Mipaka walianza dawa kwa watoto ambao nyumba zao zilikuwa zimeshasafishwa. Mtoto anayetibiwa kisha kurudishwa kwenye vumbi lile lile hujaa upya.

Majibu ya damu ni siri ya mzazi. Msiyasome barazani.

Hatua ya nne: fanyeni hesabu kwa sauti, mbele ya watu

Eka moja ni mita za mraba 4,047. Mkifukua sentimita 30 tu, mmetoa mita za ujazo zipatazo 1,214. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa karibu tani moja na nusu, kwa hiyo ni tani 1,800 na zaidi. Kwa tipa la tani 10, hizo ni safari 182 za kutoa udongo mchafu, na nyingine karibu sawa na hizo za kuleta safi. Nimeona kamati nzima ikinyamaza hesabu hii ilipoandikwa ubaoni. Nyamazeni, kisha muendelee, maana ndiyo itakayowaamulia.

Kwa kawaida hamfukui kote. Sehemu zenye sumu kali, yaani pale betri zilipopasuliwa, penye tanuru na penye majivu, hufukuliwa mpaka chini. Nyua za watu hufukuliwa kiasi na kujazwa udongo safi. Sehemu pana yenye sumu ya wastani ndani ya uwanja hufunikwa: kwanza neti ya plastiki ya rangi ya machungwa, iwe alama kwa atakayechimba baadaye, kisha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake udongo wa shamba na nyasi za Pemba, au zege ikiwa patakuwa maegesho.

Mtaletewa njia za mkato. Kuna watakaosema pandeni alizeti, zinanyonya sumu. Kwa risasi hazifai: inashikana na udongo kiasi kwamba mizizi huchukua kidogo mno, na mtoto wa leo atakuwa babu kabla kipimo hakijashuka. Fosfeti, ile ya kwenye mbolea, ni jambo la kweli zaidi, inaifunga risasi isinyonywe kwa urahisi mwilini, lakini penye arseniki inaweza kuiachia arseniki iteremke kwenye maji. Ndiyo maana niliwaambia mpime vyote. Na atakayependekeza kulima uwanja ili sumu "ichanganyike ipungue," mshukuruni na mumkatalie. Mtapata uwanja mkubwa wenye sumu ya kutosha.

Udongo uliofukuliwa uende wapi? Swali hili lijibiwe kabla ya koleo la kwanza. Mji mdogo hauna dampo la sumu, na dampo la taka za kawaida halifai, kwa kuwa kuna watu wanaookota pale. Aghalabu njia inayowezekana ni shimo lililojengwa ndani ya uwanja wenyewe, upande wa juu usiofikiwa na mafuriko, mbali na visima, lenye mfinyanzi na karatasi nzito ya plastiki chini na juu, na mteremko wa kuyakimbiza maji ya mvua. Mhandisi alichore, na Mamlaka ya Mazingira iidhinishe kwa maandishi. Wakazi wengi huchukia wazo la sumu kubaki mjini, nami nawaelewa. Lakini udongo uliopakiwa gizani kwa tipa lisilo na karatasi hutua kwenye kijiji cha watu wengine.

Hatua ya tano: siku za kazi

Mkandarasi mmoja alianza kufukua wakati wa kiangazi, saa saba mchana, bila hata ndoo ya maji. Tingatinga liliinua wingu jekundu likavuka barabara, likaingia madrasa kupitia madirisha yaliyo wazi, watoto wakiwa ndani na mbao zao. Tulisimamisha kazi siku hiyo, lakini vumbi lilikuwa limeshatua kwenye mikeka. Damu za watoto wale zilipopimwa tena zilikuwa zimepanda. Uchungu wa siku ile sijausahau.

Kwa hiyo mkataba useme: udongo ulowanishwe kabla na wakati wa kufukua, bila kuufanya utope unaotiririka, upepo ukizidi, mashine zizimwe, tipa lifunikwe turubai na magurudumu yaoshwe kabla ya kutoka, maji hayo yakusanywe. Majirani waambiwe tarehe mapema, na shule ya karibu ihamishwe au kazi ingoje likizo. Msifukue katikati ya masika.

Vibarua wapewe ovaroli, glavu, gambuti na barakoa zinazozuia vumbi laini. Kile kitambaa cha kufunga mdomo hakitoshi. Wasile wala kuvuta sigara ndani ya uzio. Waoge hapo hapo, na ovaroli zisiende nyumbani. Damu zao zipimwe kabla na baada. Mara nyingi vibarua ni vijana wa mtaa huo huo, wana watoto wachanga, na itakuwa aibu yetu kuusafisha uwanja kwa kuzichafua nyumba zao.

Mpangilio una maana. Zuieni kwanza chanzo kisiendelee kutoa vumbi, kisha nyua, na mwisho kabisa ndani ya nyumba. Mkianza na nyumba, vumbi la ua litaingia tena kesho yake. Usafi wa mwisho wa ndani uwe wa kweli: dari, juu ya kabati, magodoro na mikeka iliyochakaa itupwe na familia ipewe mingine.

Shimo likifukuliwa lisifukiwe siku hiyo. Pimeni sakafu yake na kuta zake, mngoje majibu, ndipo mjaze. Mkandarasi atalalamika kwamba tingatinga linalipiwa kwa siku. Mwacheni alalamike, mkishafukia hamtajua tena mlichokiacha. Na udongo wa kujazia nao upimwe huko unakotoka. Nimewahi kukuta moramu "safi" iliyochotwa kando ya gereji.

Hatua ya sita: nani alipe

Aliyechafua ndiye anayepaswa kulipa, na kwa Kenya sheria inawapa nguvu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshapata hasara. Sheria ya mazingira ya 1999 inaipa NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha ardhi katika hali yake. Leseni na ripoti za ukaguzi ombeni kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016: jibu lije ndani ya siku 21, na saa 48 iwapo ni suala la uhai wa mtu. Tanzania mlango ni NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na vipimo hupatikana kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Jifunzeni kwa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kilianza kuyeyusha betri 2007 kikibanana na nyumba za watu wapatao 3,000. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwamba mwanawe anayenyonya alikuwa na risasi mwilini, akaanza kupaza sauti. Kiwanda kilifungwa 2014, na kesi ikafunguliwa 2016. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikaamuru udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kuusafisha. Mahakama ya Rufani ikaitengua ile fidia 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo. Mtoto aliyekuwa tumboni kesi ilipofunguliwa alikuwa ameshaingia shule. Fungueni kesi, na usafi ombeni kama amri ya peke yake, yenye muda wake na kiasi chake, lakini ile hatua ya kwanza msiifungie ndani ya faili la wakili.

Hatua ya saba: baada ya malori kuondoka

Pimeni udongo wa juu tena baada ya msimu mmoja wa mvua, kwa sababu maji hubeba na kufukua. Damu za watoto zirudiwe kila baada ya miezi michache mpaka zishuke. Hushuka polepole, maana risasi hujificha kwenye mifupa, msikate tamaa mkiona imeteremka kidogo tu.

Kisha kuna kazi isiyokwisha. Kellogg, mji mdogo wa Idaho, Marekani, kiyeyusho chake cha risasi kilifungwa 1981, na nyua zake nyingi zimebadilishwa udongo. Hadi sasa mkazi anayetaka kuchimba msingi huomba kibali kwanza, kwa kuwa chini ya udongo safi, ule wa zamani wenye sumu bado upo. Nanyi wekeni utaratibu kama huo kupitia kaunti: sehemu iliyofunikwa iandikwe kwenye kumbukumbu za ardhi, isiuzwe kimya kimya kuwa viwanja vya nyumba, na kila mwaka mtu alipwe kuikagua, atazame nyufa, mashimo ya panya na miti iliyojiotea yenye mizizi mirefu.

Chapisheni ramani yenye miraba, vina na majibu. Nakala moja ikae kwa chifu, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa kamati ya msikiti na ya kanisa, na moja kwa ofisi ya maji. Hiyo ya ofisi ya maji isikosekane. Siku bomba litakapopasuka pale, fundi atakuja usiku na sururu, na neti ya machungwa atakayoikuta chini lazima awe ameshaambiwa maana yake.